Nani Amlipie Aliyegongwa? Historia Fupi ya Bima ya Gari, Kutoka Msuka

Mazungumzo juu ya bima ya gari hapa Zanzibar huanzia kwenye bei na kuishia kwenye bei. Mwenye gari ya abiria hulalamika kwamba analipia viti hata siku ambazo viti havina watu. Mwenye vespa ya kwendea kazini huuliza kwa nini atozwe kila mwaka ilhali hajawahi kumkwaruza mtu. Wenye kuuza bima nao hujibu kwamba ajali ni nyingi na fidia ni nzito. Kila upande una hoja yake, lakini wote wanaliruka suala lililotangulia, nalo ni hili: sheria ya kumlazimisha mtu kukata bima iliwekwa kwa ajili ya nani? Tukilijibu hilo sawasawa, ndipo tutakapoweza kuuliza la pili: ikiwa lazima pawe na wanaolipa zaidi kuliko wengine, haki inataka walipe zaidi kwa sababu gani?

Katika makala haya nitayajibu masuala hayo mawili kwa njia ya historia. Nitasimama Msuka, kaskazini ya kisiwa cha Pemba, mbele ya Konde, kwa sababu ni mahali ninapopajua, na kwa sababu sheria hupimwa vizuri zaidi pale inapofika ikiwa imeshachoka na safari.

Hasara kabla ya gari

Watu wa Msuka wameishi na hatari kwa karne nyingi kabla ya gari ya kwanza kufika. Katika magofu ya Msuka Mjini, ndani ya mihrabu ya msikiti wa kale, imekwaruzwa tarehe ya mwaka 816 wa Hijria, sawa na mwaka 1413 au 1414 Miladia. Waliosali hapo walikuwa watu wa pwani, na mtu wa pwani hahitaji kufundishwa kwamba mali inaweza kutoka salama bandari moja na isifike ya pili. Ulimwengu wa bahari ulikuwa umeshatunga kanuni ya haki juu ya jambo hilo. Kanuni hiyo, iliyohifadhiwa katika vitabu vya sheria vya Kaisari Justinian vya mwaka 533, inasema kwamba shehena ya mmoja ikitupwa majini ili chombo kipone, hasara haimwangukii yeye peke yake. Wote ambao mali yao imesalimika humchangia. Aliyenusurika ana deni kwa aliyepoteza.

Fiqhi ya Kiislamu nayo ilikuwa na utaratibu wake kwa hasara iliyo kubwa kuliko mali, yaani roho ya mtu. Mtu akiua bila ya kukusudia, diya ilikuwa haki ya warithi wa marehemu, lakini muuaji hakuachiwa mzigo huo peke yake. Ulibebwa na aqila, yaani jamaa zake wa upande wa kiumeni, kwa muda wa miaka mitatu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi Pemba, wanavyuoni walikwenda mbali zaidi wakaainisha viwango: tajiri katika aqila hutoa nusu dinari kwa mwaka, mtu wa kati hutoa robo dinari, na fakiri hatozwi kitu.

Naitaja kanuni hii kwa sababu ina mambo mawili ambayo watunga sheria wa leo wangefaa kuyatazama. La kwanza, kiwango cha mchango kilifuata uwezo wa mtoaji. La pili, na ndilo msingi wa makala haya, waliolipa walikuwa watu wanaomjua mkosaji. Ami anayejua kwamba kesho atatakiwa kutoa fedha kwa sababu ya uzembe wa mtoto wa ndugu yake ana sababu nzuri ya kumkaripia leo. Mlipaji na mkaripiaji walikuwa mtu mmoja. Kadiri historia ya bima ilivyosonga mbele, watu hao wawili walitenganishwa, na nitaonesha kwamba sehemu kubwa ya malalamiko yetu ya leo inatokana na utengano huo.

Meli ya nchi kavu

Bima ya gari ilizaliwa ndani ya bima ya bahari. Soko la Lloyd's la London, lililobobea katika meli, lilitoa hati yake ya kwanza ya bima ya gari mwaka 1904, na husimuliwa kwamba gari ile iliandikwa kana kwamba ni chombo kinachosafiri nchi kavu. Bima hiyo ilikuwa ya hiari, na ilikuwa ya mwenye gari: alijilinda yeye na mali yake. Mwenda kwa miguu hakuwa na nafasi katika mkataba. Akigongwa na mtu asiye na mali, aliweza kushinda kesi mahakamani na kurudi nyumbani na karatasi ya hukumu peke yake.

Mambo yaligeuka mwaka 1930. Mwaka huo zaidi ya watu 7,000 walikufa barabarani Uingereza, wakati magari yote ya nchi ile yalikuwa milioni mbili na kidogo. Bunge likapitisha Sheria ya Barabara ya 1930, ikamlazimisha kila anayetumia gari barabarani kuwa na bima ya kulipia madhara atakayomfanyia mtu mwingine. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya pili, isiyotajwa sana nje ya vyuo, iliyompa aliyeumizwa haki ya kuifuata kampuni ya bima moja kwa moja pale aliyemuumiza anapofilisika. Ukizisoma sheria hizo mbili pamoja, jibu la suala letu la kwanza linakuwa wazi. Bima ya lazima haikuwekwa kumlinda dereva, wala kuipatia serikali mapato, wala kuzitajirisha kampuni. Iliwekwa kwa ajili ya mtu ambaye hakuwamo katika mkataba, hakulipa chochote, na pengine alikuwa anavuka njia tu kwenda dukani.

Ndugu msomaji, zingatia pia mpangilio wa matukio. Sheria ile ya 1930 iliondoa kikomo cha zamani cha mwendo wa maili 20 kwa saa kwa magari madogo, na mtihani wa udereva haukuwa wa lazima mpaka Juni 1935. Yaani Waingereza walimtaka dereva alipie madhara miaka kadhaa kabla ya kumtaka aoneshe kwamba anajua kuendesha. Fedha ilitangulia, adabu ikafuata nyuma. Sheria iliyojengwa kwa mpangilio huo ndiyo iliyopandishwa meli kuletwa kwetu.

Kenya ilipata sheria yake ya bima ya lazima mwaka 1945. Tanganyika nayo ikapata yake, ambayo mpaka leo imo katika Sura ya 169 ya sheria za Tanzania Bara. Visiwani, chini ya himaya ya Uingereza iliyoanza 1890, mwelekeo ulikuwa huohuo, huku mamlaka ya makadhi yakipunguzwa hatua kwa hatua hadi yakabakia katika ndoa, talaka, mirathi na mfano wa hayo. Pemba ya enzi hizo ilikuwa kisiwa cha karafuu. Tangu kimbunga cha 1872 kilipoing'oa mikarafuu ya Unguja, kisiwa hiki ndicho kilichobeba uchumi wa nchi, lakini zao lenyewe lilibebwa kwa vichwa vya watu, kwa punda na kwa mitumbwi hadi bandarini. Sheria ya bima ilitungwa kwa ajili ya barabara za London, ikapokewa na jamii ambayo wengi wake walikuwa wenda kwa miguu. Katika jamii ya namna hiyo haja yake ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu wanaoweza kugongwa ni wengi mno kuliko wanaoweza kugonga.

Mfuko mmoja, kisha mifuko mingi

Baada ya uhuru bima iliingia katika siasa kubwa. Shirika la Bima la Taifa, NIC, liliundwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 biashara yote ya bima Tanzania Bara ikawekwa mikononi mwake. Zanzibar ikaunda shirika lake, Shirika la Bima la Zanzibar, mwaka 1969. Tunaweza kuyalaumu mashirika ya enzi hizo kwa mengi, lakini yalikuwa na sifa moja ya kihistoria: yaliiweka nchi nzima katika mfuko mmoja. Dereva mzuri na mbaya, wa mjini na wa shamba, walichangia pahala pamoja, na aliyegongwa alijua mlango wa kubisha ni mmoja. Kwa namna fulani taifa lilifanywa kuwa aqila kubwa. Kilichokosekana ni karipio. Aqila ya watu milioni kadhaa haimjui mtoto wa ndugu yake.

Sheria ya Bima ya 1996 ikafungua milango kwa kampuni binafsi, na ile ya 2009 ikaunda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA. Usafiri wa barabarani kwa upande wake haumo katika mambo ya Muungano, na Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 inayousimamia. Tukawa na kampuni nyingi zinazoshindania wateja, na mdhibiti anayeweka viwango vya chini ili ushindani usizifilisi. Hapo ndipo tulipofika, na hapo ndipo suala letu la pili linapoanza kuuma.

Bei inapofuata chombo

Watu wetu wanazijua bima mbili. Bima kubwa hulinda gari ya mwenyewe pamoja na madhara kwa wengine, na bei yake hufuata thamani ya gari. Kiwango cha chini kilichozoeleka kwa gari binafsi ni asilimia 3.5, kwa hiyo gari ya shilingi 10,000,000 hulipiwa shilingi 350,000 kwa mwaka. Bima ndogo ndiyo ile ya lazima, ya madhara kwa wengine peke yake. Kwa muda mrefu kiwango chake cha chini kwa gari binafsi upande wa Bara kimekuwa shilingi 100,000, au 118,000 ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani. Kwa magari ya abiria huhesabiwa na viti.

Tazama vipimo vinavyotumika: aina ya chombo, matumizi yake, idadi ya viti. Katika bima hii ya lazima dereva hayumo. Mtu aliyeendesha miaka 20 bila ya kumjeruhi hata kuku hulipa sawa na mwenzake aliyekwishalaza watu hospitali mara tatu. Bima kubwa angalau humjua mtu kidogo, kwa kuwa humpunguzia asiyedai fidia, na mikataba mingi humtaka dereva kijana au mwenye leseni changa abebe sehemu kubwa zaidi ya hasara. Lakini bima kubwa ni ya wenye magari ya thamani. Wengi wa wanaopita njia ya Konde na Msuka wana bima ndogo.

Kwenye honda za abiria na gari za shamba jambo linazidi kuwa gumu. Aghalabu anayeendesha si mwenye chombo. Mwenye chombo yuko nyumbani au mjini, na kijana humpelekea hesabu yake kila jioni. Bima hukatwa na tajiri mara moja kwa mwaka. Hatari huchukuliwa na kijana mara hamsini kwa siku, tena huichukua kwa sababu hesabu ya jioni inamkimbiza. Ukiipandisha bei ya bima ya honda kwa hoja kwamba ni vyombo vya hatari, tajiri ataiongeza katika hesabu, na kijana atakimbia zaidi ili aifikie. Bei iliyokusudiwa kuwa karipio inageuka kuwa mjeledi unaompiga farasi akimbie.

Utengano niliousema mwanzo unaonekana hapo. Katika aqila, anayelipa ndiye anayekaripia. Katika bima ya leo bei imechukua nafasi ya karipio, lakini ni bei isiyomfikia mwenye mkono juu ya usukani.

Wengine walivyopima hatari

Kwa kuwa hatukuwa wa kwanza kulikabili jambo hili, inafaa tuone wengine walivyofanya. Marekani ilianza na wazo linalovutia. Sheria ya jimbo la Connecticut ya mwaka 1925 haikumlazimisha kila mtu. Ilimtaka yule aliyekwisha sababisha ajali ndiye athibitishe kwamba ana uwezo wa kulipa ya pili. Tatizo ni wazi: aliyegongwa katika ajali ya kwanza ndiye aliyetolewa kafara ili dereva ajulikane. Massachusetts ikachukua njia nyengine, na kuanzia 1927 kila mwenye gari akalazimika kuwa na bima. Mara kampuni zikaanza kuchagua: huyu tunamtaka, huyu ni hatari mno. Sheria inapomlazimisha mtu kununua kitu ambacho wauzaji wanakataa kumuuzia, ama ataacha kazi, ama ataendesha bila ya bima. Ndiyo sababu mwaka 1938 jimbo la New Hampshire likaanzisha mpango wa kuwagawa madereva waliokataliwa baina ya kampuni zote, kila kampuni ichukue fungu lake la wateja wabaya.

Kukawa na dhuluma nyengine, ya kumpima mtu kwa anapoishi. Maskini wa mtaa fulani alilipa zaidi kuliko tajiri wa mtaa jirani, hata kama yeye ndiye mwangalifu zaidi. Mwaka 1988 wapiga kura wa California waliamua kwa kura ya maoni, iliyojulikana kama Pendekezo la 103, kwamba bei ya bima ya gari ipimwe kwanza kwa rekodi ya usalama ya dereva, pili kwa maili anazoendesha kwa mwaka, tatu kwa miaka ya uzoefu wake. Mengine yote yaje baadaye na yawe na uzito mdogo. Ulaya nayo iliamua kwamba jinsia si kipimo cha haki. Tarehe 1 Machi 2011 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi iliyofunguliwa na jumuiya ya watumiaji ya Ubelgiji iitwayo Test-Achats, ilibatilisha ruhusa ya kuwatoza wanawake na wanaume bei tofauti, na hukumu ikaanza kufanya kazi tarehe 21 Disemba 2012. Kampuni zilikuwa na takwimu kuonesha kwamba wasichana hugonga kidogo kuliko wavulana. Mahakama haikuzipa takwimu hizo nguvu ya kuushinda usawa wa jinsia.

Funzo ninalolipata ni moja. Kumtoza mtu zaidi kwa alilolifanya ni haki inayoeleweka hata barazani. Kumtoza zaidi kwa alivyo, yaani umri wake, mtaa wake au jinsia yake, kunahitaji sababu nzito mno, kwa kuwa hakuna awezalo kufanya ili bei ishuke. Karipio lisilompa mkaripiwa njia ya kujirekebisha huwa tusi.

Kenya inatupa onyo la aina nyengine. Matatu zilihesabiwa kuwa hatari kubwa, kampuni nyingi zikazikimbia, na biashara ikarundikana kwa chache zilizokubali. Julai 2005 United Insurance ikawekwa chini ya usimamizi wa kisheria; mwaka 2011 ikafuata Blue Shield. Waliokuwa wameshinda kesi za ajali wakajikuta wanaidai kampuni isiyoweza kulipa. Bei ilishakusanywa, stika zilishabandikwa, lakini aliyegongwa alirudi pale alipokuwa kabla ya 1930: hukumu mkononi bila ya fedha. Ni dhahiri kwamba kumtoza dereva wa hatari kiwango kikubwa hakutoshi ikiwa hakuna anayehakikisha kwamba fedha hiyo ipo siku inapohitajika.

Suluhu ya barazani

Turudi Msuka. Miaka michache iliyopita kijana wa honda alimgonga mtoto wa skuli katika njia ya kijijini. Mtoto alivunjika mguu. Siku ya tatu wazee wa pande mbili walikutana barazani, nami nilikuwamo kwa upande wa ujirani. Kijana aliomba radhi, jamaa zake walitoa fedha ya dawa waliyochangishana, baba wa mtoto akasema yaliyoandikwa yameandikwa, na hati ya kusameheana ikatiwa saini. Yalikuwa mazungumzo ya heshima, na sitayadharau. Udugu uliokuwa hatarini uliokolewa siku ile.

Lakini honda ile ilikuwa na bima hai. Stika ilikuwepo. Hapana aliyeitaja, mpaka nilipoitaja mimi, na jibu nililopewa na mzee mmoja lilikuwa la kawaida kabisa: "Mwanangu, bima ile ni ya askari." Hakukusudia mzaha. Katika uzoefu wake bima ni karatasi inayomwezesha mtu kupita penye askari wa barabarani. Kwamba karatasi ile ni haki ya mtoto aliyelala hospitali ya Wete, halikuwa wazo lililowahi kumfikia. Na hata lingemfikia, angelazimika kupata fomu namba 3 ya polisi, ripoti ya ukaguzi wa chombo, mchoro wa ajali, vyeti vya hospitali, na pengine kusubiri kesi imalizike, huku kila karatasi ikiwa na safari yake ya Konde, Wete au Chake Chake. Fedha waliyochanga jamaa ilipatikana kwa siku tatu. Kwa hiyo masikini walilipa mara mbili: kwanza kupitia nauli na hesabu zinazobeba gharama ya bima, kisha kupitia mchango wa jamaa kwa hasara ambayo bima ilikwishalipiwa.

Mimi naona dhuluma kubwa zaidi katika sheria yetu iko hapo, kuliko katika kiwango chochote cha bei. Pahala ambapo fidia haidaiwi, bima ya lazima huwa kodi inayolipwa na shamba kwenda mjini.

Wapo watakaosema kwamba watu wetu hawadai kwa sababu ya imani: ajali ni kadari, na bima ina shaka ya riba na kubahatisha. Shaka hiyo ina historia ya heshima. Ibn Abidin, mwanachuoni mkubwa wa Damascus aliyefariki 1836, aliandika juu ya bima ya bahari ya wafanyabiashara wa Ulaya na hakuiridhia. Lakini historia haikusimama hapo. Mwaka 1979 Sudan ilianzisha kampuni ya bima ya Kiislamu iliyojengwa juu ya kuchangiana, na leo takaful inauzwa hapa hapa Zanzibar. Ama kadari, haikuondosha diya. Sheria iliyofundisha kwamba ajali imeandikwa ndiyo hiyohiyo iliyoandika nusu dinari na robo dinari. Kusamehe ni fadhila ya aliyedhulumiwa, na kumsamehe kijana wa jirani ni jambo jema. Kuisamehe kampuni iliyokwisha pokea fedha kwa ajili ya jambo hilohilo ni kutojua tu.

Nini kifanyike

Wapo wanaopendekeza tuachane na mtindo huu moja kwa moja. Afrika Kusini hukusanya fedha ya fidia kupitia tozo katika mafuta, na mfuko wake ulioundwa kwa sheria ya 1996 humlipa hata aliyegongwa na gari iliyokimbia. Wazo hili lina uadilifu wake: anayeendesha sana hulipa sana, na hapana anayeweza kukwepa. New Zealand ilikwenda mbali zaidi, ikaanza tarehe 1 Aprili 1974 kuwafidia walioumia bila ya kuuliza kosa ni la nani. Lakini mfuko wa Afrika Kusini umezama katika madeni kwa miaka mingi, na mafuta hayamjui dereva mzembe zaidi kuliko stika inavyomjua. Tozo ya mafuta inatatua suala la nani alipwe, haitatui la nani akaripiwe.

Kwa maoni yangu, tunaweza kuibakisha bima ya lazima kwa masharti matatu, na nayapanga kwa uzito wake. Kwanza, aliyegongwa asilazimike kuifuata bima mjini. Sheha ndiye wa mwanzo kujua ajali ya kijijini. Awe na wajibu wa kuiarifu polisi na kuwaeleza jamaa haki yao kabla ya hati yoyote ya kusameheana kutiwa saini, na kituo cha polisi kiwe na wajibu wa kupeleka taarifa kwa kampuni. Suluhu ya barazani iendelee kuponya udugu. Gharama ya mguu uliovunjika ilipwe na aliyekwisha pokea fedha yake. Pawe pia na mfuko wa kumlipa aliyegongwa na asiye na bima au na aliyekimbia, kama Waingereza walivyofanya kupitia kampuni zao wenyewe mwaka 1946.

Pili, bei imfuate dereva, na imfuate kwa matendo yake. Makosa ya barabarani na ajali ziandikwe katika leseni yake, na mwenye chombo anayemkabidhi honda kijana mwenye rekodi chafu alipe zaidi, huku anayemkabidhi mwangalifu akipunguziwa. Hapo tajiri atakuwa na sababu ya kuuliza kijana anaendeshaje, si kiasi gani ameleta tu. Karipio litarudi kwa mtu anayemjua mkaripiwa, kama ilivyokuwa katika aqila. Umri na kijiji visiwe vipimo. Kijana wa miaka 19 wa Msuka ambaye hajamgonga mtu hana deni la kulipa kwa niaba ya rika lake.

Tatu, kila kampuni ilazimishwe kutangaza kila mwaka ilichokusanya na ilichokilipa, wilaya kwa wilaya. Micheweni ijue imechangia kiasi gani na imerudishiwa kiasi gani. Hapo ndipo mjadala wa bei utakapokuwa na maana, kwa kuwa mtu hawezi kusema kitu ni ghali au rahisi bila ya kujua amekipata au hakukipata.

Wawakilishi wetu hupenda kuulizana barazani kuhusu viwango. Nawaomba safari ijayo waanze na suala jengine: katika watu waliovunjwa miguu na vyombo vyenye bima hai mwaka uliopita, wangapi walilipwa? Waziri akiwa na jibu, tutakaa tuizungumze bei. Akiwa hana, basi tunaendelea kutoza watu kwa ajili ya haki ambayo hatujawahi kuihesabu.